Jirani Asiyejulikana: Wema, Imani na Mkate wa Nyumbani

Shukurani zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Aliyeumba watu wa kila rangi na kila lugha, Akawakunjulia wote riziki Yake, mwenye kumtii na mwenye kumuasi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mwema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: familia nyingi za Kiislamu zenye asili ya Omani, Unguja, Pemba na mwambao wa Kenya zimejikuta, kwa sababu ya masomo, ya kazi au ya misukosuko ya historia, zikiishi katika jiji la London. Kwao walikotoka, jirani alikuwa mtu wa kujulikana kwa jina lake, jina la baba yake na sauti ya kikohozi chake. Sahani ya futari ilitoka nyumba hii ikaingia nyumba ile, wala haikurudi tupu. Huku ugenini mambo ni mengine. Mtu huweza kupanda ngazi moja na mwenzake kwa miaka kumi, wakapishana penye lifti kila asubuhi, na kila mmoja asijue hata jina la mwenziwe. Hivyo ugeni wa London ni wa pande mbili: familia ni ngeni kwa jirani, na jirani naye ni mgeni kwa familia.

SWALI LENYEWE

Mnamo Januari mwaka 2006, maofisa wa nyumba waliingia kwa nguvu katika fleti moja ya Wood Green, kaskazini ya London, kwa sababu ya malimbikizo ya kodi. Ndani yake walikuta mabaki ya mwanamke aliyekuwa amefariki tangu mwishoni mwa mwaka 2003. Televisheni ilikuwa ingali inawaka, na karibu naye zilikuwapo zawadi alizokwisha kuzifunga kwa karatasi. Zaidi ya miaka miwili ilipita, watu wakipita mbele ya mlango ule wakienda kazini na kurudi, na hapana aliyejua.

Sheria ya nchi haina kosa linaloitwa kutombishia jirani hodi. Asiyemwibia jirani yake, asiyemtukana wala kumpiga, huyo mbele ya mahakama hana lawama. Swali linalomkabili Muislamu ni hili: je, na mbele ya Mwenyezi Mungu pia hana lawama? Wema kwa mtu asiyejulikana, je, ni sehemu ya imani yenyewe, au ni pambo tu, mwenye kulivaa akasifiwa na mwenye kuliacha asiulizwe?

IMANI NI KAULI NA MATENDO

Madhehebu ya Ibadhi yameshika msimamo ulio wazi katika jambo hili: imani ni itikadi ya moyo, kauli ya ulimi na matendo ya viungo, na haitimii kwa kimoja bila ya vyenziwe. Haimfai mtu kusema kuwa moyo wake umejaa rehema, na hali mkono wake haujapata kumnyooshea mtu kitu. Ndiyo maana wanachuoni wa madhehebu haya wakaita kuacha faraidhi kuwa ni kukufuru neema, yaani kuzikana neema kwa vitendo, hata kama ulimi unazikiri.

Na Qur-ani Tukufu, katika Suratul-Maun, imewaunganisha katika lawama moja wenye kupuuza sala zao na wenye kuzuia msaada mdogo wa kila siku. Wafasiri wamesema kuwa msaada huo ni kama kuazima chungu, ndoo au shoka, vitu ambavyo havimpunguzii mwenyewe chochote. Basi na itazamwe vyema: jambo dogo kama chungu cha kuazima limetajwa pamoja na sala, ambayo ni nguzo ya dini. Kama wema mdogo ungekuwa pambo tu, usingewekwa mahali pale.

Hata hivyo hapana budi kutofautisha. Mwenyezi Mungu hamhisabu mja kwa lile asilolijua wala asiloweza kulijua, wala haifai kwa mtu aliye mbali kuwahukumu majirani wa Wood Green, ambao hali zao hazijui. Lakini kuna ujinga wa namna mbili. Upo ujinga uliomkuta mtu, na upo ujinga alioutengeneza mwenyewe kwa kugeuza uso kila siku, ili asije akajua, na akishajua ikamlazimu kutenda. Huu wa pili si udhuru, kwa sababu ni matunda ya hiari yake. Anayefumba macho yake mwenyewe hawezi kulilaumu giza.

WALAYA, BARAA NA WUKUFU

Wapo watakaouliza: Muibadhi amefundishwa walaya na baraa. Watoto waliosoma Talqinus-Sibyan ya Imamu Nuruddin As-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, wameyajua maneno hayo tangu udogoni. Walaya ni kumpenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu mtu aliyejulikana kwa utiifu wake, na kumwombea kheri ya Akhera. Baraa ni kujitenga kwa moyo na mwenye maasi makubwa asiyoyatubia. Vipi basi Muislamu huyo amfanyie wema jirani asiyejua dini yake wala mwenendo wake?

Jawabu ni kuwa baina ya viwili hivyo kuna cha tatu, nacho ni wukufu, yaani kusita. Mtu ambaye hali yake haijulikani, Muislamu husita kumhukumu: hamthibitishii wema wala ubaya. Lakini wukufu ni kusita kwa hukumu ya moyo, si kusita kwa mkono. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa mwenye njaa asilishwe mpaka ijulikane itikadi yake, wala kuwa mzee aliyeanguka penye kituo cha basi aachwe mpaka aulizwe kibla chake. Bali wukufu, ukifahamika sawasawa, huurahisisha wema, kwa kuwa unamwondolea mtu mzigo wa kuwa hakimu wa kila anayepishana naye.

Na hata yule aliye katika baraa, haki zake za kibinadamu hazikuanguka. Suratu Luqman imemwamrisha mtoto akae kwa wema na wazazi wake katika mambo ya dunia, hata kama wanamshikilia amshirikishe Mwenyezi Mungu, ingawa asiwatii katika hilo. Suratun-Nisaa imeamrisha ihsani kwa jirani aliye karibu na kwa jirani aliye mgeni. Suratul-Mumtahana imebainisha kuwa Mwenyezi Mungu hawakatazi waumini kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Na imepokewa kuwa Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.), alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza zaidi ya mara moja kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa sehemu yake, akikumbusha jinsi Jibrili (A.S.) alivyomuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, hata akadhani kuwa atamfanya mrithi.

Na kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) ni hoja kubwa zaidi. Walimjia wageni asiowajua, naye akaona nafsini mwake kuwa ni watu wageni. Lakini hakungoja kuwauliza watokako. Alikwenda kwa ahali zake kwa utaratibu, akarudi na ndama aliyenona. Utambuzi ulikuja baadaye, chakula kilitangulia.

WEMA USIOSUBIRI MALIPO

Kuna hatari nyingine, nayo huwapata hasa watu wenye shauku ya dini. Ni ile ya kuufanya wema kuwa chambo: kumpelekea jirani chakula kwa nia ya kumvuta, na asipovutika kumpa mgongo. Suratul-Insan imewasifu wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa, na huku wanasema kuwa hawataki kwao malipo wala shukurani. Mfungwa wa zama zile alikuwa mara nyingi ni adui aliyetekwa vitani. Basi kama adui aliyefungwa hulishwa bila ya sharti, vipi jirani atiliwe masharti? Ni kweli kuwa wema umewafungua nyoyo wengi wakaipenda dini hii. Lakini hayo ni matunda anayoyatoa Mwenyezi Mungu, wala si bei ya kuandikwa juu ya mkate. Wahenga walisema: tenda wema nenda zako.

Imamu Jabir bin Zayd (R.A.), mwanachuoni mkubwa wa Basra mwenye asili ya Omani na mwasisi wa fikihi ya madhehebu haya, imepokewa kutoka kwake kuwa dirhamu moja kumpa yatima au maskini ilikuwa inapendeza zaidi kwake kuliko kuhiji tena baada ya hija ya faradhi. Mwenye kwenda hija ya sunna huonekana na watu, huagwa na hupokewa. Mwenye kutoa dirhamu haonekani na mtu. Hapo ndipo ikhlasi inapopimwa.

Na jiji la London lenyewe limeshuhudia mfano wa wema wa namna hii. Usiku wa tarehe 14 Juni mwaka 2017, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1438 Hijria, moto uliliteketeza jengo la Grenfell la ghorofa 24 huko North Kensington, wakafa watu 72. Mashuhuda walieleza kuwa miongoni mwa waliouona moto mapema na kuwagongea wenzao milango ni Waislamu waliokuwa macho kwa sababu ya daku. Wengine waliwagongea watu ambao hawajapata kusema nao. Kulipopambazuka, misikiti, makanisa na mahekalu ya Masingasinga yalifungua milango, na hakuulizwa mtu dini yake kabla ya kupewa maji na blanketi. Kisha wanawake wa mtaa ule, wengine wakiwa wamepoteza maskani na jamaa, walikusanyika katika jiko la kituo cha Kiislamu cha Al-Manaar, kilichofunguliwa mwaka 2001, wakawa wanawapikia ahali zao na majirani waliokuwa wamewekwa mahotelini pasipo na jiko. Jiko hilo likaitwa Hubb, yaani upendo. Kwa upungufu wa fedha lilifunguliwa siku mbili tu kwa wiki, mpaka mapishi yao yalipokusanywa katika kitabu kilichotoka Septemba mwaka 2018, na mapato yake yakasaidia kuzidisha siku hizo. Kinachofaa kuzingatiwa ni kuwa wanawake hao wenyewe walikuwa wenye kustahiki kuhudumiwa, na bado walihudumia.

MKATE WENYE MANUFAA

Si kila siku kuna moto, na alhamdulillahi. Siku nyingi za maisha ni za kawaida, na wema wake ni wa kawaida: salamu, kumshikia mtu mlango, kumbebea bibi kizee mfuko wake mpaka juu ya ngazi, na kumpelekea jirani kipande cha mkate uliookwa nyumbani. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuongeza maji katika mchuzi ili jirani apate, na akawausia wanawake wasidharau kumpa jirani kitu hata kikiwa kwato la mbuzi. Mkate una fadhila ya kuwa hauhitaji maelezo: harufu yake inafahamika kwa watu wa kila lugha.

Lakini hapa pana jambo linalosahauliwa. Suratul-Baqara imekataza kukusudia kutoa kilicho kibaya, ambacho mtoaji mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho. Kwa desturi watu hufikiri kuwa kibaya ni kilichooza au kilichochakaa. Lakini chakula kinachodhuru mwili kwa wingi wa sukari, samli na chumvi, hata kikiwa kitamu na cha gharama, nacho kinahitaji kutazamwa, kwani mwili ni amana, na mwili wa jirani ni amana vilevile. Huko Uingereza maradhi ya kisukari ya aina ya pili huwapata kwa wingi zaidi watu wenye asili ya Afrika na ya Asia ya Kusini, na nyumba nyingi za Waswahili na Waomani zina mtu anayejidunga sindano au anayemeza vidonge kwa ajili hiyo. Idara ya afya ya nchi hiyo inashauri mtu mzima asizidishe gramu 30 kwa siku za sukari inayotiwa katika vyakula, wala gramu 6 za chumvi, na apate gramu 30 za nyuzinyuzi zinazopatikana katika nafaka zisizokobolewa, matunda na mboga.

Wala mafunzo haya hayapingani na Sunna. Imepokewa kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) kuwa watu wa zama za Mtume (S.A.W.) hawakuwa na chekecheke: walisaga shayiri, wakaipuliza, zikaruka pumba za kuruka, na zilizobaki zikakandwa pamoja na unga. Mkate mweupe laini haukuwa chakula chao. Mkate wa dukani si haramu wala si sumu. Mwingi wake hutengenezwa kwa mbinu ya haraka iliyobuniwa mwaka 1961 huko Chorleywood, karibu na London, nao umewalisha mamilioni kwa bei nafuu. Fadhila ya mkate wa nyumbani ni kuwa mwenye kuukanda anajua kilichomo, naye anaweza kukijibia.

Mkate mwepesi unaofaa kwa nyumba na kwa jirani ni huu. Huchukuliwa gramu 500 za unga wa ngano usiokobolewa, gramu 7 za hamira, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya zeituni, na tende nane zilizotolewa kokwa, zikarowekwa katika mililita 350 za maji ya uvuguvugu na kupondwa humo. Vyote huchanganywa na kukandwa kwa dakika kumi, kisha donge hufunikwa kwa kitambaa safi mpaka liumuke na kuwa mara mbili. Hugawanywa mafungu mawili, yakatiwa katika mabati mawili madogo yaliyopakwa mafuta, yakaachwa tena kwa nusu saa, kisha yakaokwa katika oveni yenye joto la digrii 200 kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Tende nazo zina sukari, kwa hiyo mwenye kisukari asidhani kuwa ameruhusiwa kula bila ya kipimo. Mafungu ni mawili kwa makusudi: moja la nyumba, na la pili limekwisha kuwa la jirani kabla ya kuingia motoni, hivyo halihesabiwi kuwa ni salio.

KUTOA KWA UJUZI

Wema usio na ujuzi huweza kuua. Julai mwaka 2016, msichana wa miaka 15 alisafiri kwa ndege kutoka London baada ya kula mkate ulionunuliwa uwanjani, ambao ufuta ulikuwa umekandwa ndani yake bila ya kuandikwa. Mwili wake haukuhimili ufuta, akafariki siku hiyohiyo. Kwa sababu yake ikatungwa sheria iitwayo Sheria ya Natasha, iliyoanza kutumika Oktoba mwaka 2021, inayowalazimisha wauzaji kuandika kila kilichomo katika chakula walichokitengeneza na kukifunga hapohapo dukani. Sheria hiyo inawahusu wauzaji, haimgusi mama aliyeoka mkate wa ufuta wa Kiunguja akampelekea jirani. Lakini amana inamgusa. Mwenye kutoa mkate wenye ufuta, mayai, karanga au maziwa, na amwambie mpokeaji, au aandike katika kipande cha karatasi. Wapo majirani wasiokula mayai kwa ajili ya dini yao, na wapo wasiokula kwa amri ya daktari. Kuuliza kabla ya kutoa hakupunguzi ukarimu. Ni kumtambua mpokeaji kuwa ni mtu, wala si chombo cha kutilia thawabu.

Na kama ilivyo adabu ya kutoa, ndivyo ilivyo adabu ya kupokea. Jirani huweza kuleta keki wakati wa sikukuu yake. Mwenye shaka kuwa ndani yake mna mvinyo au mafuta ya nguruwe na aulize kwa upole, na ikibidi kukataa, akatae chakula asimkatae mtu: ashukuru, aeleze kwa maneno machache, na siku ya pili apeleke kitu chake. Watoto wanaotazama hujifunza hapo kuwa kushika dini na kushika utu havigombani.

MLANGO USIOFUNGULIWA

Yawezekana mlango ukabishwa usifunguliwe. Yawezekana ukafunguliwa kwa shaka, na mkate ukakataliwa, kwani jiji kubwa limewafunza watu hofu, na mara nyingine hofu hiyo huzidishwa na vazi la mwenye kubisha hodi. Hilo linauma, wala haifai kuwaambia watoto kuwa haliumi. Lakini haki iliyokuwa juu ya Muislamu ilikuwa ni kubisha. Kufungua si juu yake. Mkate uliokataliwa haukupotea katika hesabu ya Mwenyezi Mungu, na salamu ya asubuhi ya pili haigharimu kitu. Na mlango uliokuwa ukifunguliwa kila siku, ukanyamaza siku tatu, mwenye kuuzoea atatambua ukimya wake. Huenda hiyo ikawa ndiyo faida kubwa ya mkate: kuwa baada yake kuna mtu mmoja katika jengo zima atakayeuliza, "Fulani yuko wapi?"

Basi jawabu la swali la mwanzo ni kuwa wema kwa asiyejulikana ni katika imani, kwa kuwa imani ni matendo, na kuuzuia bila ya udhuru kunaulizwa. Mwenyezi Mungu Ajaalie nyumba za Waislamu walio ugenini ziwe kivuli kwa walio karibu nao, Awape ikhlasi katika kutoa na subira katika kukataliwa, na Awahifadhi wao na majirani zao. Amin.